Nyasi, kokoto, pevingi au vichaka: uchague nini mbele ya nyumba yako Dodoma

Mwezi wa tatu Dodoma nzima ni ya kijani. Hata kiwanja kisicho na mwenyewe, chenye nguzo nne za mipaka na rundo la mchanga, kimejaa majani na vimaua vya njano. Ndiyo maana watu wengi hununua nyasi mwezi huo. Wamepita mahali, wameona uwanja umependeza, nao wanataka wao upendeze vilevile. Mimi mtu akinipigia simu kutaka bustani ya mbele humuuliza kwanza: mwezi wa kumi mwaka jana pale mbele palikuwaje? Hapo kimya hutawala kidogo, kisha anacheka. Anakumbuka vumbi.

Mji huu hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni jua na upepo, na ule upepo wa kiangazi hukausha kuliko jua lenyewe. Kwa hiyo uwanja wa mbele wa Dodoma uchague kwa macho ya mwezi wa kumi. Kitakachopendeza mwezi huo bila kukufanya uamke saa kumi usiku kukinga maji ndicho chako.

Nitalinganisha vitu vinne ambavyo watu huniomba: nyasi, kokoto, pevingi, na miti pamoja na vichaka. Ili tusipimane kwa hisia, tuchukue uwanja mmoja wa mfano wenye mita 10 kwa 5 kati ya geti na baraza, yaani mita za mraba 50. Na hesabu moja tu ya kukumbuka: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja.

Nyasi

Naelewa kwa nini watu wanazitaka. Mama mmoja wa Ilazo aliniambia, "Mwanangu, nataka mtu akipita barabarani ajue hapa wanaishi watu, hapajatelekezwa." Nyasi zilizokatwa vizuri husema hivyo bila maneno. Zinapoza mbele ya nyumba, zinazuia vumbi kuingia sebuleni, na watoto wakianguka hawachubuki magoti. Hakuna kingine katika hivi vinne chenye faida hizo zote kwa pamoja.

Tatizo ni hesabu. Kiangazi, ili nyasi zibaki kijani kibichi, huhitaji kama milimita 4 za maji kila siku. Kwa mita za mraba 50 hizo ni lita 200, sawa na ndoo kubwa kumi, kila siku ya Mungu. Kwa mwezi ni lita 6,000, yaani uniti sita kwenye mita yako ya maji. Kuanzia Mei mosi hadi Novemba 30 kuna siku 214, na hapo unakaribia uniti 43 zilizomwagwa chini kwa ajili ya kutazamwa. Na hapo maji yawe yanatoka. Nyumba yangu ya kwanza kupanga huku nilitandika nyasi mwenyewe, mkeka kwa mkeka, nikiwa na furaha kama mtoto. Mwezi wa nane maji yakawa yanakuja kwa mgao. Nikaanza kuchagua kati ya nyasi na kufua. Mwezi wa tisa ukinyanyua ule mkeka chini yake mizizi ilikuwa imekauka kama nyuzi za katani, na udongo umegawanyika vipande kama biskuti.

Aina ya nyasi hubadilisha hesabu hii sana, na hapo ndipo wanunuzi huumia, kwa sababu wengi hununua kwa kuangalia rangi. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwenye ubaridi na mvua. Kuzileta Dodoma ni kuzitesa. Nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana, zinavumilia kivuli na hupendeza sana Dar es Salaam na Tanga, lakini huku bila maji ya uhakika zinageuka nyuzi. Paspalamu ina nafuu. Inayotufaa ni ukoka, hii hii ya kawaida inayoota yenyewe pembeni mwa barabara. Ukoka ukikosa maji haufi, unalala. Majani yanakauka, yanakuwa rangi ya mchanga, lakini vile vijiti vinavyotambaa chini vinabaki hai. Mvua ya kwanza ya Desemba ikishapiga, baada ya wiki mbili umerudi.

Kwa hiyo mwenye kutaka nyasi namuuliza swali moja: zitakanyagwa na nani? Kama kuna watoto wanaocheza au wazee wanaokaa jioni kupunga upepo, basi weka ukoka mahali hapo tu, pengine mita 3 kwa 4, na ukubali kwamba Septemba utakuwa umelala. Kama jibu ni "hakuna, ni za kupendezesha tu", usiweke. Swali hili si langu peke yangu. Jimbo la Nevada huko Marekani, ambalo nalo ni kavu, lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukataza maji ya Mto Colorado yasimwagiliwe nyasi za mapambo katika maeneo ya biashara, ofisi na kandokando ya barabara kuanzia mwaka 2027. Nyasi za nyumba ya mtu binafsi hawakuzigusa. Walilenga zile ambazo anayezikanyaga ni mkata nyasi peke yake.

Kokoto

Huu ndio mtindo wa siku hizi kwenye mitaa ya Kisasa na Nzuguni hapa Dodoma, na picha za simu zimeusaidia. Kokoto zimetandazwa, mishubiri mitatu imepandwa kati, chungu kimoja kikubwa pembeni. Unahitaji mita za ujazo 2.5 tu kwa uwanja wetu ukitandaza unene wa sentimita 5, maji karibu hakuna, na siku ya kwanza panapendeza kweli.

Lakini saa nane mchana mwezi wa kumi, inama uchukue kiganja kimoja cha kokoto za juani. Utazitupa. Joto hilo halibaki pale chini. Linapanda ukutani, linaingia dirishani, na usiku saa nne ukuta bado unakurudishia. Mtu ameokoa maji ya nyasi akaishia kununua feni ya pili. Kokoto zinafaa chini ya kivuli cha mti, au kando ya msingi pale maji ya paa yanapodondokea, maana huzuia matope kuruka ukutani na kuuchafua. Uwanja mzima wa kokoto bila mti mimi simwekei mtu, hata akinilipa, na wako walionikasirikia kwa hilo.

Halafu kuna yale mawe meupe. Kwenye gunia yanang'aa. Udongo wetu mwingi ni mwekundu, na upepo wa Julai unaubeba kila siku. Baada ya kiangazi kimoja mawe yote yana rangi ya chai ya maziwa, na njia ya kuyarudisha ni kuyaosha kwa mpira wa maji, maji yale yale uliyokuwa unayaokoa. Ukitaka kokoto, chukua zilizo na rangi ya ardhi ya hapa, za kijivu au za udongo. Hazionyeshi vumbi, na kwa jicho langu zinakaa vizuri zaidi na nyumba zetu.

Angalizo moja la kazi: mafundi wengi hutandika nailoni nyeusi chini ya kokoto ili majani yasiote. Mvua ya Januari ikija, maji hayaingii ardhini, yanakimbilia getini. Na majani yanaota vilevile, maana vumbi linajaa juu ya nailoni na mbegu zinapata pa kushika. Acha nailoni. Shindilia udongo kidogo, tandaza kokoto, na ng'oa majani kwa mkono mara mbili msimu wa mvua. Kokoto pia ni nyumba ya nge, kwa hiyo mtoto asizifukue kwa mkono mtupu.

Pevingi

Hapa sina mengi. Pevingi ni sakafu. Panapopita gari na mguu, weka, unene wa sentimita 6 kwa gari dogo unatosha ikiwa chini kumeshindiliwa vizuri. Kama kiwanja chako kiko kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, jiandae kuiona ikizama na kupanda kama mawimbi usipobadilisha udongo wa chini kwanza.

Kosa ni kuitandaza ukuta hadi ukuta. Mvua moja ya milimita 20 juu ya mita za mraba 50 ni lita 1,000, na zote zinatoka getini kwenda kumharibia jirani wa chini au kuchimba barabara. Miezi miwili mbele mtu huyo huyo ananunua maji ya boza. Tandika njia mbili za matairi na kijia cha miguu, katikati acha wazi pameze maji. Utatumia pevingi chini ya nusu, na nyumba itaonekana imefikiriwa.

Miti na vichaka

Kabla sijataja mche wowote, nina ombi kwa wanaoanza kujenga. Usimruhusu dereva wa greda akwangue kiwanja chote kiwe cheupe. Zunguka kwanza kwa miguu. Utakuta mgunga mdogo umekatwakatwa na mbuzi, au kisiki cha mkwaju kinachochipua. Hicho kisiki kina mizizi iliyokwisha kushuka chini miaka mingi kabla yako. Ukichagua chipukizi mbili au tatu zilizonyooka, ukaondoa nyingine, na ukakizungushia miba mbuzi wasifike, kitapanda kwa kasi ambayo hakuna mche wa kitalu utakaoifikia, na hutakimwagilia hata kikombe. Wakulima wa mkoa huu wanaiita njia hii kisiki hai, na wameirudishia miti mashamba yao kwayo. Sijui kwa nini tunaiacha shambani na kwenye nyumba tunaanza na ardhi tupu.

Kama hakuna kisiki, panda mti mmoja. Mmoja tu, lakini mahali pake: upande wa magharibi wa uwanja, ili jua la saa tisa alasiri likutane na majani kabla ya kukutana na ukuta wako. Mwarobaini unakua haraka, unabaki na majani karibu kiangazi chote, na mbuzi hawaupendi sana. Una usumbufu wake. Matunda yanadondoka na kuotesha miche kila kona, na mizizi haitaki kuwa karibu na chemba ya maji machafu. Uweke mita 5 kutoka ukutani, na mbali zaidi na shimo la choo. Mkrismasi hakuna wa kuushinda ukiwa na maua mekundu mwisho wa mwaka, ila kiangazi unapukutisha majani, wakati ule ule unapotaka kivuli, na mizizi yake inatambaa juu juu ikinyanyua pevingi. Mkwaju ni wa mtu mwenye subira. Ukiupanda leo watakaoukalia ni wajukuu, na mimi bado naupanda.

Chini ya mti na ukutani ndiko vichaka vinakokaa, na hapa ndipo sura ya nyumba inapotengenezwa. Bogenvilia ndiyo mfanyakazi wa Dodoma. Isogelee uitazame vizuri: ile rangi si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi, matatu matatu, na ua lenyewe ni kile kibomba cheupe kidogo katikati. Kwa kuwa ni majani, rangi inadumu wiki nyingi pasipo kunyauka. Na inatoa rangi zaidi ikiona shida kidogo ya maji. Wateja wangu wanaolalamika kwamba bogenvilia yao "haitoi maua" karibu wote wanaimwagilia kila siku. Wakiiacha wiki tatu, inafunguka. Ikate baada ya rangi kuisha, na usiipande karibu na kijia cha miguu, miba yake haina huruma na mikono ya watoto. Juu ya ukuta wa mbele, kinyume chake, miba hiyo ni ulinzi wa bure.

Mshubiri huchanua rangi ya chungwa au nyekundu katikati ya kiangazi, na hapo utawaona chozi, wale ndege wadogo wenye midomo mirefu iliyopinda, wakinyonya maua mbele ya dirisha lako wakati mji mzima umekauka. Waridi la jangwani, lenye shina nene kama kibuyu na maua ya waridi, ni la kwetu Afrika Mashariki hasa, na kwenye chungu cha udongo barazani hupendeza mno. Lakini utomvu wake ni sumu. Zamani wawindaji waliupaka kwenye mishale. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa silipandi. Mnyaa nao haufai uwanja wa mbele, ingawa haudai maji. Maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali.

Watu wa mjini huogopa kwamba vichaka vitaleta nyoka. Hofu hiyo ina msingi pale matawi yanapogusa ardhi na chini pamejaa takataka. Nyoa matawi ya chini hadi urefu wa goti, ili mtu aliye getini aone udongo hadi ukutani. Na panda kwa kurudia. Mimea mitano ya aina moja kwa mstari hupendeza kuliko mitano ya aina tano. Anayepita na bodaboda ana sekunde tatu za kuiona nyumba yako. Mpe kitu kimoja cha kushika.

Sasa hesabu ya maji. Mti mmoja mchanga, lita 20 mara mbili kwa wiki. Bogenvilia nne, lita 10 kila moja mara mbili. Mishubiri na vichaka vidogo vinane, lita 3 kila kimoja mara mbili. Jumla lita 168 kwa wiki. Rudia kule kwenye nyasi: lita 200 kwa siku. Yaani maji ya nyasi ya siku moja yanatunza bustani hii wiki nzima na yanabaki. Na huo ni mwaka wa kwanza, ambao ndio mgumu. Mwaka wa tatu mti haukuombi kitu, na vilivyobaki vinaridhika na mara moja kila wiki mbili.

Tenki ndilo hakimu

Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 1,000. Ondoa moja ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, zinabaki 800. Tenki la lita 5,000 linajazwa na mvua sita saba za namna hiyo za Machi. Aprili likijaa, funga koki.

Likitumika kwa nyasi za mita 50, litaisha kabla Mei haijaisha: siku 25. Likitumika kwa mti na vichaka nilivyovitaja, kwa lita 168 kwa wiki, linakwenda karibu wiki 30. Kiangazi chetu ni wiki 30. Hesabu hii ndiyo iliyonitoa kwenye biashara ya nyasi. Nilipoifanya mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ikatoka ile ile.

Asiye na tenki ana njia nyingine. Maji ya suuza ya nguo yanafaa mti na bogenvilia. Yale ya kwanza yenye povu zito yapeleke kwingine, na yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyapeleke kwenye mmea wowote. Au chukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kizike shingo ikiwa juu kati ya vichaka viwili, kijaze, kifunike mbu wasizalie. Maji yanatoka polepole kupitia kuta zake, mizizi inakifuata na kukikumbatia. Ukikichimbua baada ya mwaka utakuta kimevaa mizizi kama wavu.

Chini ya kila kitu tandaza matandazo, unene wa vidole vinne. Maganda ya karanga na ya alizeti huku si shida kuyapata. Mchwa watakuja, hilo usidanganywe na mtu. Acha upana wa kiganja wazi kuzunguka shina ili wasipate daraja la kupandia, na kila wiki sogeza matandazo kwa reki uharibu vichuguu vyao.

Na zabibu?

Naulizwa sana, kwa kuwa huu ndio mkoa wa zabibu. Kichanja cha mzabibu juu ya maegesho ya gari kinapendeza kuliko bati lolote, na Dodoma mtu anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ila mzabibu ni kazi ya mtu, si pambo la kuachwa. Unahitaji kukatwa kwa wakati, masika unashambuliwa na magonjwa ya ukungu, na ndege wanajua siku ya kuiva kabla yako. Kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuwa na shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi na sasa amestaafu, mpandie. Atakaa chini yake asubuhi na jioni akiwa na mkasi, na uwanja wako utakuwa na mlinzi. Kama mko kazini kuanzia asubuhi hadi usiku, achana nao.

Ningekushauri nini

Kwa nyumba ya kupangisha, ambako hujui mpangaji atamwagilia au hatamwagilia: mti mmoja wa mwarobaini, bogenvilia ukutani, pevingi njia ya matairi, kokoto za kijivu chini ya mti. Mwaka wa kwanza mwachie kijana wa jirani posho kidogo ya kumwagilia, baada ya hapo vitajitunza.

Kwa familia yenye watoto: mti, kipande cha ukoka upande wa jua wa mti huo, vichaka visivyo na sumu, na tenki kabla ya pevingi. Fedha ikiwa haitoshi vyote, pevingi ndiyo isubiri.

Kwa anayetaka kuuza nyumba ndani ya miezi sita, na wapo wengi tangu Serikali ihamie huku, mti hautawahi kukua. Nunua mche mkubwa wa kwenye gunia hata hivyo, panda bogenvilia tatu za rangi moja, safisha na kupaka rangi geti, tandaza kokoto kiasi. Usitandike mkeka wa nyasi kwa ajili ya picha. Mnunuzi akija Septemba atazikuta zimekufa, na nyasi zilizokufa mbele ya nyumba zinamwambia kwamba nyumba hii maji ni shida.

Kwa walioko pwani, Dar au Tanga, hesabu zangu mzipunguze. Mnapata mvua karibu mara mbili ya zetu, masika na vuli, na nyasi za Pemba chini ya mwembe ni chaguo la haki kabisa. Shida yenu ni chumvi kwenye maji ya kisima, na hiyo ina mambo yake.

Wakati wa kuanza ni Oktoba, udongo ukiwa bado mkavu. Chimba shimo la mti, sentimita 60 kila upande. Huku chini mara nyingi utakuta tabaka gumu kama saruji, na koleo halitaingia. Usilipige siku hiyo. Mwaga ndoo moja ya maji jioni ukalale. Asubuhi rudi na sururu. Kama maji yamekwisha na tabaka limelegea, endelea hadi ulivunje. Kama maji bado yamesimama, hapo si mahali pa mti, sogea mita mbili. Udongo wa juu uliochimbua kwanza changanya na debe moja la samadi iliyooza, urudishe shimoni, uache wazi bila kupanda. Upande wa chini wa mteremko fanya tuta la nusu mwezi, kimo cha kifundo cha mguu, la kukinga maji. Kisha subiri mvua ya kwanza nzito ya Desemba, ile inayolowesha hadi urefu wa mkono mmoja kwenda chini. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda, chana kiriba, ule mfuko ulioshika mche, na upande.